Dakika Nne za Nyota

"Saa gani hiyo, Siwema, isiyopatana na saa ya mtu yeyote? Kila siku inakimbia dakika nne. Watu wanatucheka!"

"Waache wacheke, kaka. Haifuati jua, inafuata nyota, na nyota hurudi mahali pake mapema kuliko jua, dakika nne kila siku. Ukitaka saa ya kuchemshia chai, kaazime ya muadhini."

Neno hilo la chai lilimchoma Shomari. Baba yao, aliyekuwa akivusha watu jangwa la chumvi, alimwachia yeye nyumba. Saa akampa binti. Ndani ya kifuniko cha saa mzee aliandika namba ya kila nyota. Ukiitoa namba hiyo kwenye wakati unaosomeka kwenye saa, kinachobaki hukwambia nyota imeuacha kwa kiasi gani mstari wa kaskazini na kusini. Hata mbingu ikifungwa, tundu moja la wingu lenye nyota moja linatosha kukuonyesha njia.

Mwaka huo mawingu makavu yalifunga anga siku kumi. Kila asubuhi, Siwema akienda kuchota matone ya mwisho kisimani, Shomari aliirudisha saa nyuma dakika nne. Hakufanya kwa chuki. Alitaka tu dada yake asichekwe.

Siku ya kumi na moja, mawingu yakiwa bado hayajaachia, kisima kilikauka. Ilibidi Siwema awavushe watoto hadi kisima cha ng'ambo, tena usiku, maana mchana ile chumvi huunguza. Shomari alimfunga Kibibi, binti yake wa pekee, mgongoni mwa Siwema kwa kanga ya marehemu mkewe. Alipoiona saa shingoni mwa dada yake, maneno yalimfika ulimini. Akaona haya mbele ya watu. Akajiambia: dakika arobaini ni nini katika safari ya usiku kucha?

Angani, dakika arobaini ni upana wa ngumi ya mkono ulionyooshwa. Juu ya chumvi, kufikia alfajiri, ni kukipita kisima kwa mbali, usikione wala usijue kuwa umekipita.

Walirudi siku ya tatu, wachache kuliko walioondoka. Shomari alifungua mlango. Siwema alikuwa ameshika kanga mikononi, imekunjwa vizuri, haina mtu ndani.

"Nisamehe, kaka," alisema pale mlangoni. "Saa ya baba haijapata kudanganya. Macho yangu ndiyo yaliyokosea."