Bwana Anselmi na Mkono wa Shati

Nikisema "Kale!" nyinyi semeni "Tupeleke!" Kale! Tupeleke. Haya, tulieni sasa, nawe acha kumfinya mwenzako.

Alikuwako kabaila mmoja huko Ufaransa, Bwana Anselmi. Kabaila, ndiyo, lakini mdogo, wale ambao ukoo ni mrefu na shamba ni kipande. Kazi yake katika kasri ilikuwa moja tu. Kila asubuhi mfalme alipovishwa shati, Bwana Anselmi alishika mkono wa kulia wa shati lile, mfalme akapenyeza mkono wake, basi. Msicheke. Watu waliionea kijicho kazi hiyo, naye aliifanya miaka kumi na saba, akitumaini kumwachia mwanawe.

Mkewe, Bibi Odila, alikaa shambani na watoto. Siku moja ikafika barua yake: Perina, binti yao wa miaka saba, ana homa isiyoshuka, na anamwita baba.

Sasa sikilizeni desturi ya kasri. Ukiondoka bila ruhusa ya mfalme, umepoteza nafasi yako. Na kabaila mdogo hamsemeshi mfalme mpaka mfalme amsemeshe kwanza. Basi Bwana Anselmi akashika shati, akangoja. Mfalme akazungumza habari za mbwa wake wa kuwindia. Kesho yake akangoja. Mfalme akapiga miayo. Kesho yake akangoja tena, na barua ya pili imo mfukoni, mkewe anamsihi aje, nafasi aiache iende.

Siku ya tano mfalme akageuka, akamtazama.

"Leo baridi, Bwana Anselmi."

Jina lake, wajukuu zangu! Miaka kumi na saba hakuwahi kulisikia kutoka kinywa kile. Wakubwa wote wakageuka kumwangalia. Uso ukamchanua, akainama sana, akajibu, "Naam, Mtukufu, ni baridi kweli." Watu wakaja kumpongeza, naye akapokea pongezi, akapokea, akapokea. Alipomkumbuka mtoto, mfalme alikuwa ameshapanda farasi, amekwenda kuwinda.

Ndipo alipoondoka bila ruhusa, nafasi ikapotea siku hiyohiyo. Safari ilikuwa ya siku mbili. Alipofika alimkuta mkewe mlangoni, amevaa nguo nyeusi za msiba wa mtoto.

Bibi Odila alikuwa amekwisha kulia. Alimwuliza jambo moja tu.

"Mfalme alikukatalia, bwana?"

Bwana Anselmi alitafuta uongo, akaukosa.

"Hakunikatalia. Sikumwomba."

Mkewe akaingia ndani, akamwacha amesimama pale pale.

Mimi mtu huyu namkasirikia, na huruma namwonea. Basi shikeni hili, wanangu: mtu wenu akiwaita kwa uchungu, nendeni. Msingoje kutazamwa na wakubwa kwanza.

Kale tulikwenda, kale tumeiacha kwa wenyewe. Inukeni, mnaitwa nyumbani.