Honi ya Nyamizi

Nikisema "Treni!" ninyi itikieni "Ipite!" Haya: Treni! ... Mbona sauti za wagonjwa? Basi, tuendelee hivyo hivyo. Treni yenyewe haipiti tena, hata mkipasuka koo.

Hapa kwetu Usongelani walikuwako watu watatu, na kila mmoja alijaliwa chake. Luhende, fundi wa zamani wa karakana ya reli, alijaliwa mikono. Chuma akikishika kinatii. Bi Tatu, muuza karanga wa stesheni, alijaliwa masikio. Treni ikiwa bado ng'ambo ya kilima, alikuwa anakwambia ni kichwa gani kinaivuta na kama kinaumwa. Na Maganga, dereva, aliyekuwa akija kazini kwa baiskeli kutoka kwake Kipalo, yeye alijaliwa njia. Kila mteremko na kila kona vilikuwa kichwani mwake.

Watatu hao walikipenda kichwa kimoja cha treni, dizeli kongwe, wakakiita Nyamizi. Msicheke! Treni zilipokatishwa, walikuwa wanakutana pale Nyamizi alipotelekezwa, wanakumbushana.

"Unakumbuka masika ile, Nyamizi alivyovuta mabehewa ya mahindi na maji yamefunika reli?"

"Nakumbuka. Na wewe ulivyotapika kwa hofu."

Watu walisema wamerogwa na chuma. Mimi pia nilisema.

Akaja Bwana Mrisho, mnunuzi wa chuma chakavu, amemnunua Nyamizi ili amkate vipande. Bi Tatu akamwangukia miguuni. "Baba, huyu bado mzima!"

Mrisho akacheka mpaka akashika tumbo. "Sawa, mama. Kule njia panda ya reli kuna watu wanakusanya treni za zamani ziwe za kutazamwa. Akifika kwa nguvu zake mwenyewe, nawaachia. Akikwama njiani, namkata hapo hapo."

Luhende akaenda nyumbani, akafungua mashine yake ya kusaga. Ndiyo iliyokuwa inamlisha, hana shamba. Akang'oa betri, akang'oa mipira na mabomba, vyote akavitia tumboni mwa Nyamizi. Mkewe alilia kama kuna msiba.

Bi Tatu akaketi juu ya injini inayokohoa, macho kafumba. "Hapo! Pistoni ya nyuma ni bubu. Fungua." Luhende akafungua, kweli. Injini ilipokubali kuwaka, watu tukashangilia, Bi Tatu akatunyamazisha kwa ukali. "Kuna pumzi inavuja. Upepo wa breki huo." Walitafuta tundu mpaka wakachoka, hawakuliona.

Luhende akamgeukia Maganga. "Mzee mwenzangu, nisikilize. Honi nayo inakula upepo huo huo. Usiiguse. Ukiigusa, breki huna."

"Mimi mtoto?" Maganga akajibu, akashika wenzo wa mwendo.

Wakaondoka. Na Maganga alimwendesha, jamani! Njia ilikuwa imeota majani mpaka kifuani, reli zimepinda, lakini alijua wapi ambembeleze na wapi amwache ajiendee. Dereva mwingine angemwangusha kwenye kona ya kwanza. Luhende alikuwa kwenye injini na spana, Bi Tatu mlangoni, sikio nje.

Sasa, wanangu, madereva wa reli walikuwa na desturi. Kila mmoja alikuwa na mpigo wake wa honi wa kumwambia mkewe, "Nafika, bandika maji ya ugali." Maganga alipiga mpigo wake maisha yake yote pale kabla ya kona ya Kipalo. Siku hiyo wala hakufikiri. Mkono ulijiendea wenyewe.

Nyamizi akalia. Luhende akapiga kelele, "Umetuua!"

Na nyuma ya kona, watu wa Kipalo walikuwa wameanika mihogo juu ya reli, wameketi katikati wanasuka mikeka. Maganga alikuwa amewaambia treni itapita, wakamwona chizi. Waliposikia honi wakaruka, wengine na watoto mgongoni. Hakuna aliyekwaruzwa hata ukucha. Nyamizi akapita juu ya mihogo, akateremka mteremko wa Kipalo bila breki, akaacha njia, akalala ubavu mtaroni. Watatu wakatoka wanatambaa, wazima.

Bi Salome, mke wa Maganga, alikuwa amekwisha kubandika maji.

Mrisho hakuvunja ahadi yake. Alimkata pale pale mtaroni, na vyuma vya mashine ya Luhende vikaenda humo humo. Bi Tatu alisikiliza msumeno mpaka mwisho, hakuziba masikio. Mrisho akaona haya kidogo, akaacha kitu kimoja. "Honi hii chukueni. Lakini apewe mmoja, sitaki kuwasikia mnagombana."

Wakagombana hapo hapo.

"Ni yangu," Luhende akasema. "Nimebaki na banda tupu. Nyamizi aliishi kwa vyuma vyangu, akafa kwa mkono wa mtu niliyemkataza!"

"Nani alimfufua?" akauliza Bi Tatu. "Mlikuwa mnagongagonga kama vipofu. Na kama si mimi, mngejua upepo unavuja? Ninyi mna wake na watoto. Mimi nilikuwa na sauti ile tu."

Maganga akasema, "Nilimuua, sikatai. Lakini nisingepiga, mngekuwa mnazika Kipalo nzima."

"Hukuwapigia wao!" Luhende akasema. "Ulipigia ugali!"

"Kweli. Nilipigia ugali. Na wako hai."

Tangu siku ile hawasemezani. Wakipishana njiani, kila mmoja anatazama majani. Reli nazo zimeanza kung'olewa, hapatakuwa na mahali pa kukutana. Honi wameileta kwangu niamue, imekaa uvunguni mwa kitanda changu, na kila mmoja hupita kwa wakati wake kuuliza kama nimeamua. Nimeipuliza kwa mdomo. Hailii. Nikimpa mmoja, nimewazika wawili. Nikibaki nayo, watakufa watatu bila kuamkiana, na mimi nimechoka kuwafungulia mlango.

Haya, mmenisikia wote. Yuko Luhende aliyetoa chakula chake, Bi Tatu aliyesikia, na Maganga aliyeua na kuokoa kwa mkono mmoja. Kesho wanakuja tena. Ungekuwa wewe, ungempa nani?