Jina Lililosomwa Kifuani

Mtaani kwao aliitwa Fundi Herufi. Alikuwa mchoraji wa mabango, na hapakuwa na duka, gereji wala kinyozi ambaye mlango wake haukupitiwa na brashi yake. Alijivunia kazi hiyo hadi akaamini kwamba hakuna neno lililoandikwa ambalo lingemshinda kulisoma. Kumwuliza mtu jambo aliona ni sawa na kujivua nguo hadharani.

Mkewe alipojifungua kwa taabu, yeye na kichanga chake waliokolewa na mkunga mmoja mgeni kutoka ng'ambo. Fundi alipoingia wodini alimkuta mkunga huyo ameinama akimfunika mtoto. Kifuani mkunga alikuwa amebandika kibao kidogo cha jina: AOIFE. Fundi alilisoma kimoyomoyo, herufi moja baada ya nyingine, likamkolea kama asali.

"Binti yangu ataitwa A-o-i-fe," alitangaza. Wiki iliyofuata mkunga alihamishiwa kituo cha mbali.

Mama mkwe wa Fundi, aliyemwuguza bintiye siku zote wodini, alimpakata mjukuu akimbembeleza, "Ifa, Ifa wangu."

"Mama, ni Aoife!" Fundi alimkata kauli mbele ya wageni waliokuja kutoa hongera.

"Wodini wauguzi wenzake walimwita yule mkunga Ifa, baba. Labda ungeuliza..."

"Niulize nini, na jina nimeliona kwa macho yangu? Asiyejua kusoma asimharibie mtoto jina!"

Wageni waliinamisha vichwa. Bibi alinywea kama aliyemwagiwa maji baridi. Tangu siku hiyo, mbele ya mkwewe, alimwita mtoto "mjukuu" tu.

Jina nalo likavuma. Fundi alilichora kwa rangi ya dhahabu juu ya saluni ya mkewe, na kila mjamzito aliyesukwa pale alitoka nalo mdomoni. Katika miaka mitano, wasichana wengine wanne mtaani walipewa jina hilo. Wazazi walipoteleza ulimi, Fundi aliwafokea: "Tamkeni kila herufi!"

Hatimaye ilijengwa wodi mpya ya wazazi. Fundi alipewa kazi ya kuchora bango lake, na yule mkunga akarudishwa kuisimamia. Siku ya ufunguzi, Fundi alimshika bintiye mkono akapenya katikati ya watu. Nyuma yao walifuata mama mkwe na wale akina mama wanne na mabinti zao wenye jina hilo.

"Sista, huyu ni somo yako! Anaitwa Aoife."

"Nani?" mkunga aliuliza akitabasamu.

"Aoife!" Fundi alipaza sauti, kana kwamba anasema na kiziwi. "Jina lako!"

Mkunga alitazama kibao chake kifuani, akaelewa. "Ahsante sana, kaka. Ila mimi naitwa Ifa. Kwetu tunaandika hivi, tunatamka vile. Usijali, watu wengi huniuliza."

"Baba," mtoto alidakia, "Ifa si ndivyo bibi anavyoniita ukiwa kazini?"

Akina mama wanne wakatazamana. Mmoja aliziba mdomo kwa kiganja. Uso wa Fundi uliwaka moto. Alitamani ardhi ipasuke immeze. Mama mkwe aliukazia macho ukuta mpya kana kwamba hakusikia lolote. Na stara ile ilimchoma Fundi kuliko kicheko.

Jioni Fundi alipiga magoti mbele ya mama mkwe. "Mama, nilikuvunjia heshima mbele za watu. Nisamehe."

"Nilishakusamehe zamani, mwanangu," alijibu bibi. "Macho unayo, tena mazuri. Lakini na masikio ulipewa."

Kesho yake Fundi alizunguka nyumba nne kuungama kosa lake. Wawili walicheka. Wa tatu alisema mwanawe ameshazoea. Wa nne alimwambia, "Ulinifokea kwa kulikosea, kumbe mkosaji wewe!" akamfungia mlango.

Aliporudi nyumbani alichuchumaa mbele ya bintiye, akauliza kwa sauti ndogo, "Mwanangu, wewe ungependa tukuiteje?"

"Kama bibi anavyoniita."

Miaka mitano alikuwa akiishi na jibu hilo chini ya paa moja. Hakika, asiyeuliza hanalo ajifunzalo.