Karafuu Maiti ya Mwana Zuena

Mji wa Tundwani ulikuwa na sultani, jina lake Masudi, mzima wa afya, anakula na kulala, lakini roho ilimuuma kwa jambo moja: sultani wa jirani alipokufa alioshwa kwa karafuu maiti ya mashariki, ile nyeupe kama chumvi ya mawe, na mji mzima ukanukia. Basi Mwinyimvua, mfanyabiashara wa nguo, alipokuja kumposa binti yake, Mwana Zuena, sultani akamwambia, "Dhahabu yako siitaki, baba. Niletee karafuu maiti ya kuoshewa mimi siku yangu ikifika, na binti ni wako."

Nyuma ya pazia Zuena akacheka. "Baba anapanga harusi na mazishi kwa mkupuo mmoja." Kisha akanong'ona, "Usikawie, Bwana Mwinyimvua. Kifua hiki hakinipi usingizi."

Mwinyimvua akasafiri. Akafika mji ambao nyumba zake zimesimama majini juu ya miguu ya miti, na watu wanauziana mboga mtumbwi kwa mtumbwi, na alipoulizia karafuu maiti wakaziba midomo yao, maana kule haitajwi jina, ukiitaja, mti unaoitoa unaificha. Akafika mji mwingine, wa minara ya dhahabu na mvua isiyokatika, na hakuna aliyemjua wala aliyemwita, na akazunguka vichochoro vile mpaka viatu vikamwozea miguuni.

Siku moja akakaa kizingitini pa nyumba ya wageni anakula wali, na kama alivyolelewa, kila apitaye anamwambia, "Karibu tule." Watu wakampita tu, desturi hiyo hawana. Akapita mzee mmoja, nyayo zake hazigusi tope. Huyo akasimama, akanawa, akakaa.

"Unajua unamkaribisha nani?"

"Mwenye njaa. Kula, mzee, wali unapoa."

Kumbe ni jini. Akala, na machozi yanamtoka. "Tangu mji huu haujawa mji napita milangoni, na hakuna aliyeniambia karibu. Sasa mimi ni mtumwa wako kwa jambo moja, moja tu. Nikurudishe kwenu sasa hivi?"

"Mikono mitupu?"

"Mitupu. Nakusihi ukubali."

"Kwetu mtu harudi safari mikono mitupu, mzee. Watoto watanizomea tangu bandarini. Nipe ile nyeupe isiyotajwa."

"Na nikikwambia kuna mtu anakohoa?"

"Anakohoa siku zote. Nikienda bila mahari nitamtazama tu, sitamwoa."

Jini akainamisha kichwa, na alipokiinua, kapu la Mwinyimvua lilikuwa limejaa ile nyeupe. "Neno langu limekwisha," akasema. "Kukubeba siwezi tena. Nenda kwa njia yako."

Na njia ilikuwa ndefu, wanangu. Alipofika Tundwani akamkuta sultani mwenyewe bandarini, bila kilemba.

"Umeileta?"

"Nimeileta, bwana wangu."

"Basi fanya haraka, mwanangu." Na sauti ile haikuwa ya sultani.

Zuena alikuwa kitandani, amebaki macho tu. "Umeniletea nini?"

"Nimeleta ya baba yako."

Akanusa kapu. "Inanukia. Baba hataitumia hii."

Kadhi akaitwa, wakaozwa palepale, na wanawake wakampaka bibi harusi hina, na kabla hina haijakauka, Zuena akakata roho. Na kwa kuwa mume anaruhusiwa kumwosha mkewe, Mwinyimvua alimwosha kwa mikono yake, kwa ile ile aliyoitoa mbali, na mji mzima ukanukia.

Sultani akampa nusu ya hazina, naye akapokea, angefanyaje. Mpaka uzeeni alikula kizingitini, sahani mbili, na akisema "Karibu tule" yule mzee huja, hunawa, hukaa, na wote wawili hula.

Basi nyie, mkiwa ugenini na mtu akawaambia rudini, rudini na mikono yenu hiyohiyo. Anayewangoja nyumbani hangoji kapu. Hekaya nimeitua hapa mkekani. Mwenye kuitaka aiokote.