Shekue na Dawa Iliyoponya Watu Wote

Hapo zamani, katika mji wa Mangafi, palikuwa na mchukuzi mmoja maskini aitwaye Shekue, ambaye watu walimwita punguani kwa kuwa aliuliza maswali ambayo wenye akili zao waliona haya kuyauliza.

Mwaka huo homa ikaingia mjini. Tabibu wa sultani, jina lake Ghalibu, akatengeneza dawa nyekundu, chungu kama shubiri, akaitia katika chupa zenye muhuri wake. Kila aliyepona alitakiwa kuirudisha chupa, nayo ikatundikwa ukutani mwa nyumba ya tabibu. Ikawa kila apitaye huona chupa mia na ishirini zikining'inia, na tabibu husema, "Hesabuni wenyewe! Hajarudi hata mmoja kusema haikumponya."

Sultani Hemedi alipoziona akafurahi mno, akapiga mbiu ya kwamba kila mwenye homa anywe dawa ya Ghalibu, wala asitumie nyingine.

Basi Shekue alikuwa na kaka yake, Athumani. Huyo alishikwa na homa, akanywa chupa tatu za dawa ile, akafa. Siku ya matanga Shekue akasema mbele za watu, "Tabibu anahesabu kilichorudi. Kisichorudi nani anakihesabu?"

Maneno yale yakafika ikulu, naye akaitwa.

"Ewe Shekue," akasema sultani, "wewe ndiwe unayemtia ila tabibu wangu?"

"Maulana, mimi nimeuliza tu."

"Vema. Kesho kutwa, baada ya sala ya alasiri, uniletee hapa hicho kisichorudi, kitoe ushahidi wake mbele yangu. Ukishindwa, uuhame mji huu."

Baraza zima likacheka, kwa maana wote walijua wasiorudi wako makaburini. Lakini Shekue akainama, akasema, "Nimesikia, nami nitatii," akaenda zake.

Siku mbili akazunguka nyumba kwa nyumba akibisha hodi. Penye msiba alitoa pole kwanza, ndipo akaomba alichokuja kuomba. Siku ya miadi akaingia barazani na punda wawili wenye matenga, akamwaga mzigo wake juu ya zulia. Zilikuwa chupa, zote zina muhuri wa Ghalibu.

Sultani akaghadhibika. "Nini hiki?"

"Maulana, uliamuru nikilete kisichorudi. Chupa hizi zingerudi kama wenyewe wangepona, hazikurudi. Ni mia mbili na kumi. Nyingine ni za waliokufa, nyingine ni za ambao hadi leo wako kitandani. Hizi tatu ni za kaka yangu."

Sultani akaokota chupa moja, akaugeuza muhuri, akamtazama tabibu.

Ghalibu akasema upesi, "Maulana, hao mia na ishirini je? Bila dawa yangu wangekufa wote!"

"Huenda," akasema Shekue, "na huenda wangepona wenyewe. Tuwatafute wagonjwa arobaini. Ishirini wapewe dawa, ishirini wapewe maji ya sukari guru, yatiwe rangi nyekundu na shubiri hata yasitambulike."

"Nitawachagua mimi," akasema Ghalibu.

"La, bwana tabibu, wewe utajichagulia wenye nguvu, nami nitakuchagulia mahututi. Tuandike majina, tuyatie chunguni, kadhi ayatoe bila kutazama. Orodha akae nayo yeye. Mimi na wewe na wagonjwa tusijue nani kanywa nini."

Sultani akalipenda shauri hilo, likafanywa. Siku kumi zikapita, wagonjwa wote wakaletwa barazani, waliopona wakakaa kuumeni, wasiopona wakalazwa kushotoni. Kadhi akaikunjua orodha, akasoma: wa dawa, wamepona kumi na wanne, wa maji ya sukari, wamepona kumi na watano.

Kabla mtu hajasema neno, akaruka mzee mmoja, Mbwana Fumo, akamwangukia Ghalibu miguuni. "Tabibu, Mungu akulipe! Tangu funda la kwanza nilihisi dawa yako ikipita mwilini mwangu kama moto, ikifukuza homa!"

Kadhi akatazama orodha yake, akakohoa. "Mzee Mbwana, wewe ulikunywa maji ya sukari."

Mzee akasimama, akajipapasa kifua, akasema, "Basi yalikuwa makali sana!"

Sultani akacheka hata kilemba kikamwanguka, na baraza zima likacheka naye, ila Ghalibu, ambaye alitafuta mlango. Akarudishwa. Mbiu ile ikafutwa siku hiyo hiyo, na sultani akaamuru kwamba dawa yoyote isitiwe kinywani mwa watu wa Mangafi hata ipite kwanza mbele ya Shekue. Akampa nyumba, na kanzu ya hariri, na kiti barazani karibu na kadhi.

Naye Ghalibu akapewa kazi chini ya Shekue, kuwafuata majumbani wagonjwa wasiorudi, kuwauliza wana hali gani. Wasemao husema kuwa baada ya miaka michache akawa tabibu mzuri.