Kiti cha Mzee Hoza

Asiyekalia kiti chake hukalia vya wenziwe.

Mmemsikia Bi Zuhura akimwambia hivyo mwenyekiti wa kamati ya harusi. Tangu asubuhi bwana yule anazunguka, mara anaonja pilau, mara anawafundisha vijana kufunga turubai, na kumbe wageni wa upande wa bwana harusi wamesimama getini hawana wa kuwapokea. Mmecheka, halafu mmenijia mimi mnataka kujua maneno yale yametoka wapi. Nitawaambia, lakini mikono iendelee kumenya vitunguu. Mimi siwasimulii watu waliokaa bure.

Methali nyingine hazijulikani zilizaliwa wapi. Hii kwao ni hapa Tanga, katika lile ghala la zamani la mkonge. Enzi hizo ghala lilikuwa jumba la maonyesho la Kundi la Mkongeni. Wala msidhani ni kikundi cha kuchezea kwenye mikutano. Watu walitoka Korogwe na Pangani, wengine walivuka mpaka kutoka Mombasa, wakafikia kwa jamaa zao kwa ajili ya mchezo mmoja tu wa Idi Pili. Mwanzilishi wake alikuwa Mzee Hoza, Mbondei wa Muheza, mtu mwembamba asiyependa maneno mengi. Hakuwa na desturi ya kumwonyesha mtu jinsi ya kuigiza. Alikuwa na kiti chake cha mvule kilichowambwa ngozi ya ng'ombe, kimewekwa katikati ya ukumbi kikitazama jukwaa, na kazi yake yote aliifanyia pale. Mwigizaji akikosea, Mzee Hoza husema, "Sijaamini." Basi. Ukimuuliza hajaamini nini, anakutazama tu, nawe unarudi jukwaani ukatafute mwenyewe. Wengi walilizwa na neno lile, na ndilo lililowafanya wakawa waigizaji.

Na kundi lilikuwa na mila yake. Mchezo haukuhesabiwa kuwa umeiva mpaka mwenye kiti autazame mwanzo hadi mwisho bila kujitikisa. Akijikuna, bado. Akikunja nne, bado. Siku akikaa kimya kama mzazi anayesikiliza habari za mwanawe aliye mbali, siku hiyo ndipo wote wanajua umeiva.

Macho ya Mzee Hoza yakafifia, yakafika hatua haoni tena nani ameingia jukwaani. Hapo akaamua kumwachia kazi Mwanamvua. Huyu Mwanamvua alikulia katika kundi lile tangu msichana. Akiigiza bibi kizee, vikongwe wa kweli waliokuwa ukumbini walimpa pole ya miguu. Mzee Hoza alimshika mkono mbele ya kundi zima, akauweka juu ya kile kiti, akamwambia ni chake. Mwanamvua akalia.

Kamati iliyosimamia jumba ilikubali shingo upande. Mwenyekiti wake, Bwana Mhando, alikuwa na mtu wake Dar es Salaam aliyetaka kumleta. Akasema waziwazi kwamba mchezo wa kwanza utaamua. Ukisimama Idi Pili, Mwanamvua ndiye mwongozaji mkuu. Ukianguka, ataletwa mwingine, na yeye arudi kuigiza vikongwe.

Siku ya kwanza ya mazoezi Mwanamvua alifika mapema kuliko wote. Akakiendea kile kiti. Ngozi ilikuwa imebonyea kwa umbo la Mzee Hoza, utadhani ameinuka sasa hivi kwenda kunywa maji. Mwanamvua akaweka mkono, akauondoa. Nyinyi watoto wa leo mnajitupa kwenye kiti chochote, lakini kwa watu waliolelewa, kiti cha baba hakikaliwi na mtoto hali baba yungali hai. Ni kama kumwambia anachelewa kwenda. Basi akaagiza shuka jeupe, jipya, akakifunika kiti vizuri, akazitia ncha zake chini ya miguu ya kiti. Waigizaji walipoingia wakamsifu. Hata Bwana Mhando alisema angalau mwanamke yule ana adabu.

Haya, adabu ipo. Lakini mtu aliyefunika kiti chake, yeye atakaa wapi?

Mwanamvua hakukaa. Alianza kwa kusimama kando ya kiti, akaona hapamfai, akasogea ukutani, kutoka ukutani akapanda jukwaani. Na aliyekwisha panda jukwaani hawezi kutulia mikono. Mchezo wenyewe ulikuwa mzuri. Ulihusu mama anayerudi nyumbani baada ya miaka mingi, anakuta dada yake amewalea wanawe, na mwisho watoto wanatakiwa waseme mama yao ni nani. Aliyecheza mama ni Sikudhani, mwigizaji shupavu. Lakini kila Sikudhani akifungua kinywa, Mwanamvua alimwambia, "Nipishe nikuonyeshe." Leo mama anaanguka magotini, kesho hapana, asimame. Leo alie, kesho asilie. Ikafika Sikudhani akiingia ukumbini, kabla ya salamu anauliza leo ni siku ya kulia au siku ya kutolia.

Haikuishia hapo. Fundi Kibwana, mpigaji ngoma, akitoka kidogo, akirudi anamkuta Mwanamvua juu ya kigoda chake, anajaribu mdundo mwingine. Bi Siwema, mshonaji wa mavazi, akienda kuswali, akirudi anamkuta kwenye benchi la cherehani anapunguza gauni ambalo Bi Siwema mwenyewe amelirefusha asubuhi. Mtu wa taa alikuwa akikalia kreti la soda kule nyuma. Hata kreti lile halikusalimika.

Msimwone mbaya. Moyo wake ulikuwa unawaka. Kila alikotazama aliona kitu kinachoweza kuanguka, na kikianguka, yeye ndiye atakayeanguka nacho. Nyumbani mumewe alimwambia kwamba siku hizi hata chai anakunywa amesimama. Akaketi kumridhisha, akainuka kabla kikombe hakijaisha, kwa sababu amekumbuka mlango wa jukwaani unalia ukifunguliwa. Alikwenda akaupaka mafuta mwenyewe. Halafu akasimama katikati ya ukumbi, peke yake na lile shuka jeupe, akaona aibu bila kujua anamwonea nani.

Idi ikakaribia, na hakuna aliyethubutu kusema mchezo umeiva. Nani aseme, na kiti kimefunikwa? Wakawa wanacheza na kurudia, wanacheza na kurudia, wanazidi kuharibu.

Ndipo ikaja siku ya Kibwana. Alirudi kutoka kukaza ngozi ya ngoma juani, akamkuta tena Mwanamvua kwenye kigoda. Akasimama na fimbo zake mkononi. Mwanamvua akamwambia asubiri kidogo tu. Kibwana akasubiri, mpaka waigizaji wote wakawa wanamtazama yeye badala ya jukwaa. Mwishowe akaziweka fimbo chini, taratibu.

"Kaa tu, dada yangu," akasema. "Naona umeshapazoea."

Akatoka. Bi Siwema akalifunika cherehani kifuniko chake cha mbao, akafunga kwa ufunguo, ufunguo akautia kifuani. Na Bwana Mhando, habari zilipomfikia, akatuma salamu kwamba kesho yake kamati itakuja kutazama mazoezi. Kila mtu alielewa anakuja kutazama nini.

Kesho yake kabla ya mazoezi Mwanamvua alikwenda kwa Mzee Hoza kurudisha kazi. Hakupita kwingine, asije akapoteza ujasiri. Alimkuta barazani amevaa kanzu, redio sikioni. Akamwamkia, akaketi chini mkekani, akamweleza yote kuanzia kwa Sikudhani hadi kwa Kibwana, na akamalizia kwa kusema kuwa mzigo umemshinda, wamlete huyo mtu wa Dar es Salaam. Mzee Hoza akazima redio. Hakuuliza habari za ngoma wala za mavazi. Aliuliza kitini anakaa nani.

Mwanamvua akamjibu kwamba hakuna. Kiti wamekihifadhi kwa heshima yake, wamekifunika.

"Mmekifunika kwa nini?"

"Kwa shuka, baba. Jeupe. Jipya kabisa."

Mzee Hoza akatafuta bakora yake kwa kupapasa.

"Mmenivisha sanda, na mimi bado nakula ugali," akasema. "Nipeleke huko."

Walipofika ukumbini watu wote walikuwapo. Kamati imeketi kwenye benchi la ukutani, Bwana Mhando mbele. Kibwana naye alikuwa mlangoni, maana habari kwamba Mzee Hoza anakuja zilimfikia njiani, na kubaki nyumbani hali mzee yule amekuja asingeweza. Mzee Hoza aliongozwa mpaka kwenye kiti. Akapapasa shuka, akalivuta, likaanguka sakafuni. Wote walidhani atakaa. Nasikia Bwana Mhando alitabasamu, kwani mzee akirudi kitini, basi Mwanamvua amekwisha.

Lakini Mzee Hoza hakukaa. Aliegemea bakora, akamgeukia Mwanamvua pale ilipokuwa inatoka sauti ya pumzi zake.

"Kigoda cha Kibwana ulikikalia?"

"Nilikikalia, baba."

"Na benchi la Siwema?"

"Nalo."

"Na kreti la yule wa taa?"

Kule nyuma mtu wa taa akakohoa.

"Mimi nilikupa kiti kimoja," akasema Mzee Hoza. "Ukakiogopa. Sasa umewaondoa watu wote kwenye vyao, na mwenyewe huna pa kukaa. Mwanangu, asiyekalia kiti chake hukalia vya wenziwe."

Ukumbi mzima ulimsikia. Mwanamvua alitamani ardhi ipasuke. Aibu ile hakuisahau mpaka anazeeka, na mimi sioni kwa nini aisahau. Lakini hakukimbia. Kwanza aliziokota zile fimbo pale zilipoachwa, akamwendea Kibwana mlangoni, akampa kwa mikono miwili.

"Nisamehe, kaka yangu. Kigoda ni chako, sitakigusa tena."

Kibwana akazipokea. Hakusema amesamehe, ila alikwenda akakaa kwenye kigoda chake, akakisogeza kidogo, kama mtu anayerudi kitandani pake baada ya mgeni kuondoka. Bi Siwema alitoa ufunguo kifuani. Ila naambiwa hakuuacha tena mezani hadi alipostaafu.

Kisha Mwanamvua akakiendea kiti. Akasema "Nipishe, baba," Mzee Hoza akasogea, Mwanamvua akakaa.

Kwanza alishangaa. Siku zote alidhani kiti kile ni cha raha. Kumbe ni kigumu, mbao zinauma mgongo, na ngozi ilivyobonyea inamlazimisha mtu atazame mbele tu. Mtu aliyekaa pale hawezi kumwona Kibwana, hawezi kuliona cherehani, wala mlango. Anayo ngoma ya kuisikia na mavazi ya kuyaona yakishavaliwa. Mbele yake kuna jukwaa zima na hakuna kingine, na mikono yake haifiki. Hofu ikampanda, maana sasa hakuna la kushika.

Wakaanza. Sikudhani akaingia na kikapu chake, akafika kwa watoto, akaanguka magotini kama alivyofundishwa, akalia kama alivyofundishwa. Bwana Mhando akainuka benchini, akaja kumnong'oneza Mwanamvua jambo. Mwanamvua akainua kiganja kumnyamazisha bila kugeuka. Ulimi ulikuwa unamwasha kusema asimame, asilie, anipishe nimwonyeshe. Akashika mbao za kiti kwa mikono yote miwili.

"Sijaamini," akasema.

Basi, hilo tu. Jukwaani Sikudhani akainua uso. Alimtazama Mwanamvua, halafu, wallahi, akacheka kwa furaha. Ameachiwa. Akafuta machozi yale ya kufundishwa, akachukua kikapu chake, akarudi nyuma kuingia upya. Safari hii hakuanguka wala hakulia. Alisimama mbali, akawaangalia wale watoto, akaanza kuwapangia vitu vya kikapuni chini, kimoja kimoja, kama mgeni asiyejua kama zawadi zake zitapokelewa. Kibwana hakungoja kuambiwa. Akaipunguza ngoma mpaka ikabaki ya kidole kimoja.

Hawakumaliza kazi siku ile, wala siku ya pili. Mwanamvua alijikuna, akakunja nne, akasema sijaamini mara nyingi hadi watu wakamchukia kidogo, kama inavyotakiwa. Bwana Mhando alirudi mara mbili na maneno yake, akakuta kiganja kile kile.

Idi Pili ilipofika, watu walijaa mpaka wengine wakakaa chini mbele ya safu ya kwanza. Mzee Hoza aliletwa na wajukuu, akakataa kupelekwa mbele, akakaa benchi la nyuma kabisa pamoja na wauza karanga. Haoni kitu. Alisikiliza ngoma, akasikiliza kimya cha watu pale Sikudhani alipokuwa anapanga vitu vyake chini. Mtoto mdogo wa jukwaani alipotamka neno "mama", ukumbi mzima ukavuta pumzi. Ndipo Mzee Hoza akamgusa mjukuu wake begani.

"Mwenye kiti amejitikisa?" akauliza.

Mjukuu akanyoosha shingo juu ya vichwa vya watu, akatazama sana.

"Hapana, babu. Amekaa."

"Basi twende nyumbani," akasema Mzee Hoza, akatafuta bakora yake.

Hivyo ndivyo maneno yale yalivyotoka ghalani, yakaingia mtaani, yakafika mpaka kwenye harusi hii. Hebu chungulieni getini mniambie. Yule mwenyekiti ameacha pilau? Amesimama na wageni, anawashika mikono? Vizuri. Nanyi msimcheke, maana hakuna anayefanya vile kwa uvivu. Huogopa kiti chake, akatafuta pa kujificha kwenye vya watu. Asiyekalia kiti chake hukalia vya wenziwe.