Mtini wa Mwinyi Faki

Sogeeni, wajukuu. Sogeeni, lakini mikono niione. Wewe Subeti, toa mkono kwenye ungo wangu, nimeshakuona.

Mpo?

"Tupo, bibi!"

Mnasikia?

"Tunasikia!"

Haya. Hapo kale, kale ya kale, kabla mbu hajajifunza kuuma na kabla mtu hajajifunza kufunga mlango, palikuwa na mji ukiitwa Shungi. Mvua ilinyesha Shungi, jamani! Ilinyesha masika, ikanyesha vuli, na katikati ikanyesha nyingine isiyo na jina. Na watu wa Shungi walikuwa na shuku. Kuku akitaga mayai mawili, wanauliza la pili ni la nani. Msicheke, hata nyie nawajua.

Mkuu wa mji aliitwa Mwinyi Faki. Siku moja alirudi kutoka safari ndefu, nchi za mbali, nchi kavu, amebeba mche wa mtini. Akawakusanya watu akawaambia, "Huko nimekula tini kubwa kama ngumi yangu, rangi ya zambarau, tamu kushinda asali. Na hii hapa moja nimeikausha, itazameni."

Watu wakaitazama. Wakainusa. Ikapita mkono kwa mkono mpaka kwa Mize.

Mize alikuwa mke wa Makame. Aliolewa Shungi kutoka bondeni, siku tatu kwa miguu, nako pia hunyesha. Alipokuja alikuja na kijiti cha mtini wa kwao, akakipanda nyuma ya jiko. Akaigeuza tini ya mkuu, akaona chini yake pana kitundu, kipana, kidole kinaingia. Akauliza kwa adabu, "Mwinyi, huko ilikotoka kunanyesha?"

"Nimeleta tunda, mwanangu, sikuleta mawingu."

"Kweli, Mwinyi. Lakini tini yenye mdomo wazi hivi, masika yetu yataingia ndani, itachacha kabla haijaiva. Kwetu tunapanda ile ndogo ya kijani, mdomo umefumba. Haina sura, ila inavumilia."

Mwinyi Faki akacheka. Watu wakacheka. Mche ukapandwa katikati ya mji.

Mwaka ukapita, wa pili ukapita. Mwaka wa tatu mtini ukazaa. Zikavimba, zikavimba, zikaingia zambarau, watu wakimeza mate. Masika yakaja. Mvua ikanyesha, ikanyesha, ikanyesha. Asubuhi moja Mwinyi Faki akachuma ya kwanza, akaipasua. Imechacha! Ndani funza. Ya pili, funza. Ya tatu, sisimizi wamo na watoto wao.

"Nani kafanya?" akauliza.

Mnaona? Hakuuliza nini. Aliuliza nani.

Wakasema popo, wakaweka walinzi. Tini zikaoza. Wakasema walinzi, wakaweka walinzi wa kuwalinda walinzi. Tini zikaoza. Wakatundika kago mtini, kitambaa chekundu na chupa ya dawa, atakayegusa avimbe tumbo. Hakuvimba mtu, na tini zikaoza vilevile.

Ndipo mzee Hamadi akakohoa. Mzee huyo alikuwa na maneno machache na yote mabaya. "Kikulacho ki nguoni mwako," akasema. "Mize alisema zitachacha, na zimechacha. Alijuaje?"

Watu wakageuka. Nyuma ya jiko la Mize kimti kile kimejaa tini ndogo za kijani, nzima, tamu.

"Anavuta utamu wa mti wa mji!"

"Anavuta usiku!"

"Anavuta na mchana!"

Ikakatwa hukumu palepale: masika yakiisha, Mize arudi kwao. Na mtoto wake, Mkasi, wa miaka minne, abaki kwa ukoo wa baba. Makame mumewe alikuwapo. Alitazama vidole vya miguu yake. Mpaka leo nikimkumbuka mwanamume yule, nachukia.

Mize hakulia. Alisema, "Mwinyi, nipe siku saba. Lifunikeni tawi moja kwa makuti, mvua isiliguse. Mengine yaacheni. Na mimi nifungieni nyumbani kwako. Kama navuta, nitavuta yote."

Mwinyi Faki akafikiri. Akatafuta hila ndani ya maneno yale, hakuiona, na kutoiona kukamtia shaka zaidi. Lakini akakubali. Makuti akayatoa kwenye paa lake mwenyewe, asije mtu akayatia dawa.

Mvua ikanyesha siku saba. Siku ya nane wakafungua. Matawi ya nje, tini zote mbovu. Chini ya makuti, tini sita, nzima! Mwinyi Faki akapasua moja, akatafuna, akafumba macho.

"Huenda makuti…" akaanza mzee Hamadi.

"Makuti ni yangu, Hamadi! Nyamaza!"

Mize akafunguliwa. Hakuja kuonja. Alikwenda moja kwa moja nyuma ya jiko, na huko, wajukuu zangu, hakukuta mti. Alipokuwa amefungiwa watu walikuwa wameukata, wakaung'oa na mizizi, wakauchoma. Kwa tahadhari tu, walisema. Kwa tahadhari.

Mwinyi Faki alimfuata, kilemba mkononi. "Mwanangu, tumekukosea. Kaa. Mtoto ni wako. Nenda kwenu utuletee kijiti kingine, tupande mji mzima."

Mize akamfunga Mkasi mgongoni. "Nikileta, Mwinyi, na kimoja kikazaa, cha jirani kisizae, mtanifunga kwa nani?"

Mize akashika njia ya bondeni, na Makame akafuata nyuma kabisa, mkeka kichwani, hakuna aliyemwita wala aliyemfukuza.

Mize hakurudi tena. Mtini wa zambarau ukabaki, na Mwinyi Faki hakuwa na moyo wa kuukata. Kila masika alipanda juu ya nyumba yake, akabandua makuti, akauezekea mti. Mti ukalala pakavu, Mwinyi akalala chini ya matone, akikinga bakuli, kwa ajili ya tini sita.

Kwa hiyo nawaambia: ukipenda tunda, uliza kwanza mvua ya kwao. Na anayekuonya kabla ya hasara, msikilize, usimfanye mwizi.

Kisa changu kimefika ukingoni. Kilicho kizima chukueni, kilichooza nirudishieni nikikague.

Subeti! Huo ungo!